Gesi Nayo Ni Kiungo: Mazungumzo na Watengenezaji wa Bia ya Nyumbani, Moshi

Shikamooni wazee wangu. Na wengine wote, habari za mchana.

Kabla sijaeleza lolote, naomba kila mmoja ashike glasi yenye utepe wa kijani. Piga funda moja, lizungushe mdomoni, meza. Kunywa maji kidogo. Sasa chukua ya utepe mwekundu, ufanye vilevile. Halafu ya utepe mweupe. Msihangaike kuniambia ipi tamu. Nataka mniambie inakaaje mdomoni.

Haya. Baba pale nyuma anasema ya kijani ni nzito, inateleza kama ina uji ndani yake. Dada hapa mbele anasema ya nyeupe ni kali, imechachuka, halafu nyepesi, ukimeza haiachi kitu. Ya nyekundu nasikia wengi mnasema hii ndiyo bia. Na huyu kijana ananiuliza kama ile ya kijani nimetumia kimea kingi zaidi.

Ndugu zangu, hiyo ni bia moja. Sufuria moja, siku moja, kimea kilekile, hopsi zilezile za kutia uchungu, chachu ileile. Nilipika lita 21 nyumbani kwangu Pasua, na siku ya kujaza chupa nikazigawa mara tatu, lita saba saba. Ya kijani niliitia gramu 14 za sukari, ya nyekundu gramu 42, ya nyeupe gramu 70. Sukari yenyewe ni hii yetu ya TPC inayotoka Arusha Chini, na msiitafute kwenye ulimi kwa sababu chachu imeshaila yote. Imeigeuza kuwa kilevi kidogo, tofauti ya nusu asilimia hivi kati ya ya kwanza na ya mwisho, na gesi. Gesi ndiyo iliyowafanya mdhani nimewaletea bia tatu.

Mimi ni fundi friji. Miaka yangu mingi imeishia nyuma ya mafriji ya baa za hapa mjini na za Arusha, nikibadilisha kompresa na kutengeneza mashine za bia ya pipa. Bia ya nyumbani nilianza baadaye, kwa kimea cha shayiri na ulezi kidogo, na kwa karibu miaka miwili bia yangu ilikuwa na ugonjwa mmoja: nyembamba mdomoni na inachoma ulimi. Nikaamini kimea hakitoshi. Nikapandisha kutoka kilo 4 kwa lita 20 hadi kilo 5, kisha 5 na nusu. Gharama ikapanda, kilevi kikapanda, wageni wangu wakalewa mapema, na bia ikabaki nyembamba vilevile.

Jibu nililipata kazini. Baa moja ilinipigia simu kwamba bia ya pipa inatoka povu tupu, na wateja wanalalamika kuwa imetiwa maji. Nikaonja, nikashtuka: ilikuwa inakaa mdomoni kama bia yangu kabisa. Nikaangalia geji. Regulata, ile inayoongoza presha ya gesi, ilikuwa imekwama, inasukuma gesi karibu mara mbili ya inayotakiwa, na pipa lilikuwa limekaa hivyo siku kadhaa. Nikabadilisha regulata, nikaitoa gesi ya pipa kidogo kidogo, nikarudisha presha mahali pake. Nilipopita kesho yake jioni kukagua kazi, nikaomba glasi kutoka pipa lilelile. Uzito umerudi, utamu wa kimea umerudi, na hakuna mtu aliyefungua pipa akaongeza kimea ndani.

Usiku ule nikaenda kupima kijiko changu. Nilikuwa natia sukari kijiko kimoja cha chai kwa kila chupa ya nusu lita, kama nilivyofundishwa na kama wengi humu mnavyofanya. Kijiko kilichosawazishwa kilikuwa na gramu 4. Kilichojaa kikafika gramu 7. Maana yake chupa moja nilikuwa naipa gramu 8 kwa lita, na jirani yake kwenye kreti hiyohiyo gramu 14. Na hata ile ndogo ilikuwa nyingi kwa bia niliyokuwa natengeneza.

Tuelewane kwanza kuhusu kipimo, kwa sababu bila kipimo tutabishana hadi jioni. Watu wa bia hupima gesi kwa ujazo. Ukisema bia ina 2.5, maana yake lita moja ya bia imemeza lita mbili na nusu za gesi ya kabonidayoksaidi, kama ungeitoa yote ukaipima kwenye nyuzijoto sifuri na kwa presha ya hewa ya pwani. Ujazo mmoja ni karibu gramu 2 za gesi kwa lita. Bia za Waingereza zinazovutwa kwa pampu kutoka kwenye pipa huwa na 1 hadi 1.5 hivi. Lager kama tunazouziwa baa ziko kwenye 2.5. Bia ya ngano ya Wajerumani na nyingi za Ubelgiji hupita 3. Ya kijani mkononi mwako ni 1.2, nyekundu 2.2, nyeupe 3.2.

Nikumbushe na jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria. Mwaka 1767 kule Leeds, Uingereza, Joseph Priestley alining'iniza chombo cha maji juu ya pipa la bia iliyokuwa inachacha, maji yakanywa ile gesi yakachangamka. Maji ya gesi aliyoyatengeneza mtu yalianzia hapo. Kwa hiyo soda ni mtoto wa bia, na sisi tunaocheza na chachu ndio tuko nyumbani kwa mama yake.

Sasa ule mwasho. Wengi tunaamini kinachochoma ulimi ni viputo vinavyopasuka. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwaingiza watu kwenye chumba cha presha kubwa, ambamo viputo haviwezi kuchomoza, wakawapa maji ya gesi. Mwasho ukabaki uleule. Gesi ikigusana na unyevu wa ulimi hugeuka asidi, na kazi hiyo huharakishwa na kimeng'enya kilichopo mdomoni mwetu. Asidi hiyo ndiyo inayogonga mlango wa uchachu, na pia inaamsha mishipa ya maumivu, kupitia mlango uleule unaopokea ukali wa haradali na wa kitunguu saumu kibichi. Ndiyo maana bia yenye gesi nyingi inachoma, na inaonekana ina uchachu hata kama haijachachuka.

Waongozaji wa mlima mlioko humu mnao ushahidi wenu wenyewe. Mgeni anashuka Mweka, amefika kileleni, ana furaha, anafungua bia au soda, anakunja uso: imeharibika! Unamfungulia ya pili, hadithi ileile. Muulize kama amekuwa anameza Diamox kwa ajili ya kichwa cha mlimani. Dawa ile inazuia kimeng'enya nilichokitaja. Gesi imo kwenye chupa, viputo anaviona kwa macho, lakini ulimi hauisomi inavyotakiwa, na kinywaji kinamjia kimepooza na kina ladha ya ajabu. Msimgombeze mwenye duka. Sijawahi kupata mfano mzuri kuliko huo wa kuonyesha kwamba tunachokiita ladha ya bia, sehemu kubwa ni gesi inavyozungumza na ulimi.

Je, viputo havina kazi? Vinayo, tena kubwa, ila ni nyingine. Vikipasuka vinarusha harufu puani, na vikiwa vidogo vinaleta povu laini linaloujaza mdomo. Guinness walilielewa hilo walipoanza mwaka 1959 kuuza bia ya pipa iliyochanganywa na naitrojeni. Naitrojeni haipendi kuyeyuka kwenye bia, inatoka kwa viputo vidogo mno, na haileti asidi ulimini. Kwa hiyo unapata ulaini kama wa maziwa kwenye bia ambayo ukiipima si nzito hata kidogo.

Hapo tumefika kwenye neno uzito, ambalo tunalitumia vibaya. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliyapanga mambo ya mdomoni kwenye bia kwa makundi: gesi, ujazo wa kinywa, na kinachobaki baada ya kumeza. Wanaonja kila kimoja peke yake, lakini mdomoni mwako vinasukumana. Gesi ikizidi, inaufunika ule ujazo wa kinywa. Kuna wanga usioliwa na chachu, kuna protini, vyote vimo kwenye glasi nyeupe kama vilivyomo kwenye ya kijani, gramu kwa gramu. Ila ulimi uliochomwa hauna nafasi ya kuvisikia. Na utamu unapungua, uchungu wa hopsi unakuwa na ncha. Gesi ikipungua kupita kiasi, bia yenye utamu inakuwa kama sharubati, inachosha kabla glasi haijafika nusu, na bia nyembamba inabaki maji ya kuoshea vyombo.

Mama zangu mliotoka Uru na Kibosho, hili ninyi mnalijua kwa mikono. Mbege haifungwi kizibo. Mnapochanganya uji wa kimea cha ulezi na maji ya ndizi yaliyochacha, kuchacha kunaanza upya, na kesho yake ukiinua kata unakuta povu limesimama na ulimi unatekenywa. Mtekenyo tu. Chombo kiko wazi, gesi haina wa kuizuia, haiwezi kubaki zaidi ya ujazo mmoja hivi. Kesho kutwa mtekenyo umetoka, uchachu umepanda, na mzee akionja anajua siku ya mbege bila kuuliza. Hata hivyo sijasikia mtu akisema mbege ni nyepesi. Uzito wake unatoka kwenye unga wa ulezi unaoelea humo ndani, na gesi ndogo inauacha usikike.

Niliwahi kujaribu kufunga mbege kwenye chupa za bia. Nasema mapema: msifanye. Niliweka chupa nne tu, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kwanza ilikuwa bado inachacha. Pili, kila chembe ya ulezi ni ngazi ya viputo. Ukifungua, gesi yote inapanda kwa pamoja. Chupa ya kwanza ilirusha nusu yake darini, na kilichobaki kilikuwa uchachu na uchungu tu, ukali wa msesewe, lile gome la mti tunalotia kwenye mbege, umesimama peke yake mbele. Bibi yangu hakukosea kuiacha wazi. Kinywaji kile kimejengwa kwa gesi ndogo, na ukikiongezea unakibomoa.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo majedwali ya sukari hayalisemi, kwa sababu yameandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari. Bia ikimaliza kuchacha huwa imebaki na gesi kidogo ndani yake. Kwa nyuzijoto 20, kule pwani, ni karibu 0.86. Lakini gesi inavyoyeyuka inafuata presha ya juu yake, kama William Henry alivyoonyesha mwaka 1803. Arusha iko mita 1,400 hivi, hewa yake inabonyeza kwa asilimia 85 tu ya ile ya pwani, basi bia ya Arusha inabaki na 0.73. Moshi tuko chini zaidi, ila nyumba zetu ni za joto. Mimi kwa nyuzijoto 24 nakadiria 0.7. Kwa hiyo usichukue jedwali la mtu wa London ukalifuata kama lilivyo. Na wenye mapipa na mitungi, kumbukeni geji inasoma presha juu ya ile ya hewa iliyopo. Ukiambiwa psi 12 (psi ni kipimo cha presha) kwa bia ya nyuzijoto 4 ili upate 2.5, ukiwa Arusha weka 14.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gramu 4 za sukari kwa lita huongeza ujazo mmoja. Unataka 2.2, bia yako ina 0.7, unapungukiwa 1.5, mara 4, ni gramu 6 kwa lita. Lita 20 ni gramu 120. Nunua mizani ndogo ya jikoni, kijiko kirudi kwenye chai. Chemsha sukari hiyo na maji kidogo, ipoe, imimine kwenye ndoo safi, halafu shusha bia juu yake kwa mpira taratibu ili ichanganyike bila kuchapwa na hewa. Kila chupa itapata haki sawa.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri kuliko pote. Kabla ya sukari, bia iwe imemaliza. Haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, isome namba ileile siku tatu mfululizo. Kila pointi moja, yaani 0.001 kwenye haidromita, ambayo bia ilikuwa bado inataka kushuka itakuongezea karibu nusu ujazo ndani ya chupa. Mwaka mmoja nilifunga ikiwa 1.016 kwa sababu ya haraka ya sherehe, na bia ile ilitaka kufika 1.010. Pointi sita, ujazo tatu juu ya zile nilizopanga. Chupa ya kwanza ilipasuka saa nane usiku stoo, ikapasua na mbili za jirani. Vipande vya kioo nilivitoa kwenye mbao za mlango. Mwanangu mdogo alikuwa anacheza humo mchana. Tangu siku hiyo chupa zangu zinakaa kwenye sanduku la mbao lenye kifuniko, mahali pasipofika jua, kwa sababu bia ya 2.5 iliyo na psi 12 ndani ya friji inakuwa na psi 28 ikifika nyuzijoto 20, na jua la Moshi la saa saba haliishii hapo. Chupa za kawaida za bia sizipitishi 3.2. Zile nyembamba za juisi zisiguswe kabisa.

Wiki mbili ndani ya nyumba, kisha siku mbili kwenye friji kabla ya kuonja. Wengi mnafungua baada ya siku tano, mnasikia chupa inapumua, mnaona povu, mnasema tayari. Chachu bado haijamaliza kazi, na gesi haijatulia kwenye bia. Ukiinywa hivyo inafura mdomoni, inatoweka, unaachiwa maji. Baridi ndiyo inayoishawishi gesi iingie na itulie. Nasikia pia watu wakisema gesi ya chachu ni laini kuliko ya mtungi. Gesi ni ileile. Iliyotofautiana ni subira.

Kila mhudumu wa baa nchini hii huuliza: ya baridi au ya moto? Sitaki kuwagombanisha na wanaopenda ya moto, baba yangu ni mmoja wao. Ila ujue bia ya moto inatoa gesi yake mapema. Funda la kwanza linafura na kuchoma, la tano limepooza. Ukijua wageni wako wanakunywa ya moto, weka gesi iliyo chini kidogo, 1.8 au 2, itakaa vizuri mdomoni kuliko 2.5. Na wanaokunywa kwenye chupa moja kwa moja wanapata gesi nyingi tumboni na harufu kidogo puani. Kumimina kwenye glasi kunapunguza gesi kiasi, na mara nyingi hicho kiasi ndicho kilichokuwa kimezidi.

Mtaniuliza, basi tuweke ngapi? Mimi naanza kwa kuionja bia siku ya kufunga, haina gesi, vuguvugu, na ninajiuliza ina uzito gani yenyewe. Ikiwa nyeusi, ya kimea kilichokaangwa, ina ule uchungu wa kahawa, nakwenda 1.8 hadi 2, kwa sababu gesi nyingi inaukoroga ule uchungu na asidi mpaka koo linakauka. Ikiwa nyepesi, ya rangi ya majani makavu, kilevi asilimia 4, naipa 2.4 ipate uchangamfu. Ya ngano naipeleka 3 bila woga, inabeba protini nyingi na povu lake linapenda hivyo. Na kama bia imekutokea nyembamba kweli, usiizamishe kwenye gesi ukitumaini itachangamka. Shusha gesi kidogo, halafu safari ijayo pandisha joto la kuloweka kimea hadi nyuzijoto 68 ubakize wanga.

Ombi langu kwenu ni dogo. Safari ijayo mkifunga chupa, tengeni chupa nne mzipe kipimo kingine, nusu ya kawaida yenu, mziandike. Sukari ya chupa nne haifiki hata shilingi mia. Kabla hujabadilisha kimea, kabla hujaagiza hopsi za mbali, onja hizo nne.

Kwenye jagi pale kuna ya nne, ambayo sikuitaja. Ni robo ulezi na robo tatu shayiri, sikuichuja sana, na nimeitafuta miaka mitatu: iwe bia, lakini mtu wa mbege akiionja asijisikie mgeni. Nimeiwekea 1.8. Nahisi bado iko juu, nafikiria kuishusha hadi 1.5, ila ulimi wangu umeshaizoea siwezi kuuamini tena. Mama, wewe pale mbele mwenye khanga ya kijani, uliyetuambia umepika mbege tangu hujaolewa, naomba tuanzie kwako.